Kumbukumbu za Kikao

Mimi ni mwandishi tu. Kazi yangu kuandika
nani kasema nini, nani kaunga mkono.
Kikao kilianza saa tatu na robo, Kihesa,
Julai, baridi ya Iringa imeingia magotini,
chai imepoa kabla akidi haijatimia.

Agenda ya nne: mlango.
Bweni la wasichana, chumba kumi na tisa.
Penina Namutosi, mwaka wa pili, ualimu,
katoka vilima vya Mbale, ukoo wa Wayahudi.
Babu wa babu yake aliichagua Sabato mwenyewe,
hakutumwa na mzungu yeyote.
Ijumaa, jua likizama, huwasha mishumaa miwili,
na Atupakisye, mwenzake wa chumba,
umeme ukikatika humenyea viazi kwa mwanga huo.

Rangi nyekundu, ile ya kupakia mabati.
Mstari wa kwanza: MLIMUUA BWANA.
Wa pili: RUDINI KWENU.
Nimenakili kwa herufi kubwa, kama ilivyokuwa.

Mwanasheria wa chuo, Bwana Mgovano, akavua miwani.
Ibara ya kumi na tatu huitamka
kama mtu ahesabuye ng'ombe wake zizini:
utaifa, kabila, pahala ulipotokea, rangi, dini, jinsia.
Kisha fomu namba saba. Weka alama kisanduku kimoja.

Dini? Hakuna aliyemzuia kusali.
Kabila? Binti ni Mgisu, na Wagisu hawakutukanwa.
Utaifa? Pasi yake ni ya Uganda, na Uganda haikutajwa.
Basi, akasema polepole, kama daktari mbele ya ndugu,
jeraha tunaliona, ila sheria haina pa kulishikia.

Mjumbe wa wanafunzi akanyoosha mkono:
vijana wana uchungu na vita vya kule, watoto wanakufa,
ndiyo maana tuliandamana hadi Mashine Tatu.
Penina akaulizwa kama ana la kusema.
"Mabango yenu niliyasoma yote.
Hayakuwa mlangoni pangu."

Mlezi wa bweni akacheka kidogo: huo ni utani tu.

Hapo kalamu yangu iligoma.
Mimi Mhehe niliyeolewa Songea. Utani naujua.
Miaka ishirini nikifika, shemeji anafungia mbwa wake ndani:
"Kaja Mhehe, ficheni kitoweo!"
Lakini siku namzika mama, Wangoni haohao
walijilaza kaburini wakadai hela ndipo jeneza lishuke,
wakatuchekesha wafiwa mpaka kilio kikapotea njia,
kisha wakashika majembe.
Mtani ana jina. Ana zamu yake msibani.
Rangi ile haikuwa na jina chini yake.
Nani kati yao atamchimbia Penina?

Sikusema. Mwandishi hana kura.

Sheria ni msumeno, mwenyekiti akafunga, hukata mbele na nyuma.
Nikaandika. Pembeni, kwa penseli, nikaongeza:
msumeno huu kwanza unauliza jina la mti.
Aliyeshika brashi hakuuliza kisanduku.
Dini, damu, kwao, alivipaka vyote kwa mkono mmoja
na rangi haikumwishia.

Hoja imeahirishwa hadi Septemba.
Mlango, ulioachwa wiki tatu kama ushahidi, sasa usafishwe.
Usafishwe na nani, hakikusemwa.

Jioni nikapita bwenini na nakala.
Ilikuwa Ijumaa. Mishumaa imeshawaka, kule dirishani,
mbali na mafuta ya taa.
Penina kakaa kitandani, mikono mapajani, Sabato haina kazi.
Atupakisye anasugua peke yake kwa gunzi la hindi,
pua inamtoka kamasi kwa baridi na harufu.
Kwenu na Bwana walikuwa wameshatoka.
Nikavua sweta, nikaomba gunzi la pili,
nikaanzia katikati ya neno lililobaki.
U ya kwanza ngumu. Ya pili ikaja na ubao.

Nyuma yangu Penina akasoma taratibu,
kama mtoto wa darasa la kwanza:
"Mlima."
Atupakisye akaacha kusugua.
"Mama, tuendelee?"